Somo la 7: Kuuelekeza Moyo Kabla ya Kufungua Kitabu

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Lesoni ya Juma Hili: Ezra 7:6–10, 2 Nya. 12:14, 2 Nya. 30:17–20, Lk. 15:14–20, Yn. 6:24–27, Yn. 7:14–17, Mdo. 8:9–24; Flp. 2:12, 13.

Fungu la Kukariri: Yohana 7:17. Likariri kama lilivyo katika Biblia unayotumia nyumbani, na kila asubuhi juma hili ulirudie kabla ya kusoma lesoni.

Katika bonde la Usangu, msimu wa mpunga unapoanza, maji hupita mferejini usiku na mchana. Msafiri anayefika Rujewa huona majaruba yamejaa na kudhani maji yameingia yenyewe. Mkulima anajua kwamba sivyo. Maji yanaweza kupita hatua tatu kutoka kwenye jaruba lako na miche yako ikageuka manjano, kwa sababu zamu yako ilipofika saa nane ya usiku hukuamka kwenda kufungua tuta.

Neno la Mungu nalo hupita karibu na watu wengi. Tunao ndugu waliokaa katika darasa la Shule ya Sabato miaka ishirini, wanajua kujibu kila swali, na nyumbani kwao hakuna kilichobadilika. Tunao wengine waliosikia mahubiri ya jioni moja tu, hata si mpaka mwisho, wakaanza maisha mapya. Neno ni lile lile. Tofauti inatoka wapi?

Juma hili tutajifunza sehemu moja ya jibu, yaani nia ya yule anayejifunza. Tutaona pia kwamba jambo hili halijulikani kwetu peke yetu. Majirani zetu wa imani nyingine wamelifikiria kwa kina, na tuna ya kujifunza kutoka kwao.

JUMAPILI: Moyo Uliowekwa Imara

*Soma Ezra 7:6–10. Ezra aliuelekeza moyo wake kwa mambo matatu. Ni yapi, na yanafuatana kwa utaratibu gani?*

Ezra alipanda kutoka Babeli mwaka wa saba wa mfalme Artashasta, yaani 457 K.K. Waadventista tunaufahamu vizuri mwaka huo kwa sababu ya unabii wa Danieli 8 na 9. Pengine tunaufahamu vizuri mno. Tunakimbilia tarehe na amri ya mfalme, na kuliruka fungu la 10, ambalo ndilo linaloeleza kwa nini safari ile ilifanikiwa. Fungu la 9 linasema mkono mwema wa Mungu ulikuwa juu yake. Fungu la 10 linatoa sababu: Ezra alikuwa ameuelekeza moyo wake kuitafuta sheria, kuitenda, na kuifundisha.

Neno la Kiebrania lililotumika hapo lina maana ya kuweka jambo imara, kuliandaa, kulisimamisha lisiyumbe. Si hamu inayokuja na kupita. Angalia pia mpangilio. Kutenda kumewekwa kati ya kutafuta na kufundisha. Wengi wetu tunaofundisha lesoni tunalijua lile daraja la mkato linalotoka kutafuta moja kwa moja hadi kufundisha, hasa Ijumaa jioni wakati maji ya kuoga yanachemka na lesoni ya juma zima bado ni nyeupe.

*Soma 2 Mambo ya Nyakati 12:14. Mwandishi anaueleza vipi uovu wa Rehoboamu?*

Rehoboamu alikuwa na hekalu. Alikuwa na makuhani na Walawi waliohama kutoka kaskazini kuja upande wake. Alikuwa na nabii Shemaya aliyemwambia ukweli usoni. Hakukosa mafundisho hata kidogo. Mwandishi anapotafuta chanzo cha uovu wake hasemi kwamba mfalme alikuwa mjinga au alimchukia Mungu. Anasema hakuuelekeza moyo wake kumtafuta BWANA, na neno la Kiebrania ni lile lile lililotumika kwa Ezra.

Neno hilo linatokea tena mahali pengine, na hapo tunahitaji kutulia.

*Soma 2 Mambo ya Nyakati 30:17–20. Ni kosa gani lilifanyika katika Pasaka ya Hezekia, na Mungu alifanya nini?*

Watu wengi kutoka Efraimu, Manase, Isakari na Zabuloni walikula Pasaka bila kujitakasa. Hawakufuata utaratibu ulioandikwa. Kwa watu wanaoheshimu maagizo ya Mungu kama sisi, hilo si jambo dogo. Lakini Hezekia aliwaombea kwa hoja moja tu: kwamba kila mmoja wao ameuelekeza moyo wake kumtafuta Mungu wa baba zake, ingawa hakutakaswa kama ilivyopasa. Mungu akamsikia Hezekia, akawaponya watu.

Weka sura hizi mbili pamoja. Mfalme mwenye kila kitu isipokuwa moyo ulioelekezwa aliharibika. Wageni waliokosa karibu kila kitu isipokuwa moyo huo waliponywa. Kisa cha Pasaka hakifundishi kwamba utaratibu hauna maana, kwa kuwa Hezekia aliomba msamaha na hakusema hapakuwa na kosa. Kinaonyesha mahali ambapo Mungu hutazama kwanza.

JUMATATU: Yale Ambayo Majirani Wanajua

*Soma Matendo 17:22–28. Paulo alitumiaje mambo ambayo watu wa Athene walikuwa wakiyajua tayari?*

Rujewa ni mji wa watu wengi. Wasangu, Wahehe, Wabena na Wanyakyusa wanaishi mtaa mmoja na familia za Wabaluchi, ambao wanatajwa sana katika historia ya kilimo cha mpunga cha umwagiliaji huku Usangu. Adhana na kengele husikika katika mji huo huo. Mtu akiishi hapa miaka kumi bila kumwuliza jirani yake Mwislamu anaanzaje sala, amekosa jambo.

Angeuliza angesikia neno *nia*. Neno hili ambalo sisi Wakristo tunalitumia kila siku lilikuja katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na katika mafundisho ya Kiislamu lina uzito mkubwa. Sala isiyo na nia si sala. Wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi pwani yetu, hufundishwa kwamba kwa funga ya Ramadhani mtu atie nia kila usiku kabla ya alfajiri. Akishinda na njaa kutwa bila nia, amekaa na njaa tu. Bukhari, mkusanyaji mashuhuri wa hadithi za Mtume wa Uislamu, alifungua mkusanyo wake kwa hadithi inayosema kwamba matendo huhesabiwa kwa nia zake. Wengi hueleza kwamba aliiweka mwanzoni ili kila mwanafunzi ajiulize, kabla ya kusoma, anasoma kwa ajili ya nini.

Mwalimu mmoja alijiuliza swali hilo likamgharimu. Al-Ghazali alikuwa profesa katika chuo cha Nizamiyya mjini Baghdad, mtu wa heshima kubwa, mwenye wanafunzi mamia. Mwaka 1095 aliichunguza nia yake ya kufundisha. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliikuta si safi mbele ya Mungu, bali ilisukumwa na kutafuta cheo na sifa. Alisitasita kwa miezi karibu sita, leo akiamua kuondoka, kesho akibadili. Mwishowe ulimi wake ulikataa kutoa somo, akashindwa hata kula. Akauacha mji na kazi, akaenda kuishi maisha ya maombi. Baada ya miaka kumi na moja hivi alirudi kufundisha.

Wayahudi nao wana jambo linalofanana na hili, nalo linatuhusu zaidi kwa kuwa linahusu Kumbukumbu la Torati 6:4, fungu ambalo Yesu alilitaja kama sehemu ya amri ya kwanza (Mk. 12:29). Myahudi hupaswa kulikiri asubuhi na jioni. Katika Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wao uliokamilika yapata mwaka 200 B.K., wanauliza hivi: mtu yuko katika kusoma Torati, na katika usomaji wake akayafikia maneno hayo hayo wakati wa kukiri umefika. Je, ametimiza wajibu? Jibu lao: kama aliuelekeza moyo wake, ametimiza, kama sivyo, bado. Mtu ni yule yule, mdomo ule ule, maneno yale yale. Walimu wale waliona kwamba kuna kusoma na kuna kusoma. Wabudha nao, walio mbali kabisa na Biblia, huiweka nia njema hatua ya pili katika njia yao ya hatua nane.

Hatusomi haya ili kuchanganya imani. Tofauti zetu ni halisi: sisi hatuamini kwamba nia safi inamwokoa mtu, na kesho kutwa tutaona kwa nini. Lakini ni aibu kwa mwanafunzi wa Biblia kuifungua akiwa na umakini mdogo kuliko ule ambao jirani yake anaingia nao msikitini.

*Kabla ya kusoma lesoni leo, ulikuwa umekusudia nini? Jibu kwa ukweli, hata kama jibu ni “kujaza nafasi.”*

JUMANNE: Watu Walioitwa Wasomaji

Wamisionari Waanglikana walifika katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Buganda mwaka 1877, na Wakatoliki wakafuata mwaka 1879. Waislamu wa pwani walikuwa wametangulia, na kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kinajulikana pale. Mafundisho ya kwanza ya Injili yalitolewa kwa sehemu kubwa katika lugha yetu hii, kabla tafsiri za Kiganda hazijawa tayari. Vijana waliojifunza waliitwa *abasomi*, wasomaji. Katika Kiganda kusoma kukawa na maana ya kumwabudu Mungu pia.

Walikuja kwa nia gani? Tuseme ukweli. Wengi walivutwa na maandishi yenyewe. Herufi zilikuwa kitu kipya chenye nguvu, na kijana wa ikulu aliyejua kusoma aliweza kupanda. Wengine waliwafuata rafiki zao. Ushindani wa makundi ya dini pale ikulu nao ulikuwa na siasa ndani yake. Kama ungeketi na wale vijana mwaka 1880 na kuchambua nia ya kila mmoja, huenda ungewarudisha nusu yao nyumbani.

Mutesa alikufa mwaka 1884, na mwanawe Mwanga akatawala. Kati ya mwaka 1885 na 1887 wasomaji waliuawa, na wengi wao waliteketezwa kwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Wanaokumbukwa kwa majina ni Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wengi walikuwa vijana, na wengine walipewa nafasi ya kukana. Yule aliyekuja kutafuta herufi alikuwa amepata kitu ambacho hakukitafuta, na kufikia siku ile alijua hasa anachokitaka.

Huku kwetu mambo yalifanana, bila moto. Wamoravia na Wamisheni wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891. Waadventista Ehlers na Enns walifika Upare mwaka 1903. Kila mahali misheni ilifungua shule, na kila mahali waliofika walikuja kwa sababu zao: kujua kuandika, kupata kazi, kukimbia ugomvi wa nyumbani. Wazee wetu wengi waliokufa wakiwa imara katika imani waliingia kanisani kupitia mlango wa shule.

*Je, unajua babu au bibi yako alianza kwenda kanisani kwa sababu gani? Sababu hiyo ilibadilikaje?*

JUMATANO: Nia Iliyochanganyika

*Soma Matendo 8:9–24, kisha Yohana 6:24–27. Yesu na Petro walishughulika vipi na watu waliokuja kwa nia isiyo safi?*

Hapa ndipo penye ugumu kwa makanisa yetu. Chukua kijana anayekuja kwa mzee wa kanisa. “Shikamoo mzee.” “Marahaba mwanangu, karibu.” Kijana anasema anataka kuingia darasa la ubatizo. Mzee anajua, na kanisa zima linajua, kwamba anataka kumwoa binti wa kwaya, na baba yake binti amesema hamtoi kwa mtu asiyebatizwa. Afanye nini? Wapo watakaosema akataliwe mpaka nia yake isafike. Wapo watakaombatiza baada ya majuma mawili kwa sababu tarehe ya harusi imekaribia.

Simoni wa Samaria aliamini na kubatizwa, lakini alipoona nguvu za Roho akatoa fedha. Petro alimwambia wazi kwamba moyo wake haukuwa mnyofu. Hakuishia hapo. Alimwambia atubu na kuomba, ili ikiwezekana fikira ile ya moyo wake isamehewe. Yesu naye aliwaambia makutano usoni kwamba walimtafuta kwa sababu walikula mikate wakashiba. Kisha akawafundisha juu ya mkate wa uzima, mafundisho marefu kuliko mengi aliyoyatoa. Hakuificha nia yao na hakuwafukuza kwa ajili yake. Wengi waliondoka wenyewe baadaye (Yn. 6:66).

*Soma Luka 15:14–20. Mwana mpotevu alirudi nyumbani kwa sababu gani hasa?*

Tumezoea kusimulia kwamba alirudi kwa sababu alimpenda baba. Fungu linasema alirudi kwa sababu watumishi wa baba yake walikuwa na chakula na yeye anakufa njaa. Hata maneno ya toba aliyoyaandaa kabla ya kuondoka yana ombi la kazi ndani yake. Baba alimwona akali mbali, akakimbia. Hakumsimamisha getini kumwuliza kama amekuja kwa ajili yake au kwa ajili ya ugali.

Kwa hiyo mzee yule afanye nini na kijana wake? Kwa maoni ya mwandishi wa lesoni hii, amkaribishe darasani siku ile ile, na amwambie kwa upole kile anachokijua: “Mwanangu, najua kilichokuleta. Si dhambi kutaka kuoa. Lakini hapa tutamsoma Kristo, na tutachukua muda wote unaotakiwa. Harusi ikisubiri, isubiri.” Asimfungie mlango. Asimpe pia ubatizo kama cheti cha ndoa. Kijana aambiwe nia yake ili aweze kuiona, kwa maana nia isiyotajwa hubaki ilivyo, na ndoa ikishafungwa hatutamwona tena. Baadhi yetu tunaujua ushuhuda wa namna hiyo, na tunajua pia jinsi binti wa kwaya anavyobaki kuja kanisani peke yake na watoto.

ALHAMISI: Akipenda Kuyatenda

*Soma Yohana 7:14–17. Watu walishangaa kuhusu elimu ya Yesu. Yeye alilielekeza swali lao wapi?*

Walitaka kujua alisoma shule gani. Yesu akawaambia njia ya kuyajua mafundisho yake kama yametoka kwa Mungu: mtu apende kuyatenda mapenzi ya Mungu. Hakusema mtu aelewe kwanza ndipo aamue kama atatii. Anayekusudia kutii ndiye atakayejua. Mtu aliyekwisha kuamua kwamba hatarudisha zaka anaweza kusoma Malaki 3 mara mia na kila mara akaliona fungu kuwa gumu kufasiriwa. Ugumu wenyewe hauko katika Kiebrania.

*Soma Wafilipi 2:12, 13. Nani anafanya kazi ndani yetu, na katika mambo gani mawili?*

Hapa ndipo tunapoachana na wazo kwamba mtu anaweza kujitengenezea nia safi kwa bidii yake, jinsi al-Ghazali alivyohangaika nayo miezi ile sita. Paulo anasema Mungu ndiye atendaye kazi ndani yetu, kutaka kwetu na kutenda kwetu. Hata ile hamu ndogo ya kutaka kutaka ni yake. Mkulima hatengenezi maji, naye hawezi kuyapandisha kutoka mto Ruaha kwa mikono. Anafungua tuta.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma sura inayohusu kujitoa wakfu katika kitabu kidogo cha Ellen White cha mwaka 1892 kuhusu hatua za kumjia Kristo. Anaeleza kwamba uwezo wa kuchagua ni mali ambayo Mungu amempa mwanadamu. Hatuwezi kuibadili mioyo yetu wala kumpa Mungu upendo wetu kwa nguvu zetu, lakini tunaweza kuchagua kumtumikia na kumkabidhi nia yetu. Anaonya pia kwamba kutamani wema kunafaa mpaka pale kunapoishia kwenye kutamani tu.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika darasa lenu, mngefanya nini na kijana wa Jumatano? Wazazi wa mabinti wajibu kwanza, kisha vijana.

2. Rudini kwenye Pasaka ya Hezekia. Ni mambo gani kanisani kwenu tunayomdai mgeni kabla ya kumwuliza moyo wake umeelekea wapi? Ni yapi kati ya hayo yameandikwa, na ni yapi tumeyazoea tu?

3. Je, mtu anaweza kujifunza kweli bila kukusudia? Mfikirieni Sauli njiani kwenda Dameski (Mdo. 9:1–6). Alikuwa na nia thabiti, nayo ilikuwa ya upande mwingine kabisa. Kisa chake kinaongeza nini kwenye yale tuliyojifunza Jumapili?

4. Walimu wa lesoni: ni fungu gani la juma hili ambalo umepanga kulifundisha Sabato bila kuwa umelitenda?

5. Kabla ya Sabato ijayo, mwulize jirani wa imani nyingine jinsi anavyouandaa moyo wake kabla ya sala. Usimjibu kwa hoja. Sikiliza tu, na ulete darasani ulichosikia.